Bakapu ya laki mbili

Steshenari yangu iko Morogoro, kwenye njia wanayopita wanachuo, na kukaa upande wa ndani wa ile meza kunakufundisha jinsi mafaili yanavyopotea. Hayapotei kwa namna moja. Ipo flashi iliyopinda kwa kukaliwa ndani ya daladala. Ipo memori kadi iliyosoma jana na leo inaomba kufomatiwa. Ipo flashi iliyotoka maabara ya kompyuta na virusi vya shotikati: ukiifungua, kila folda imegeuka kijishale kisichofungua kitu, na mwenye kazi anaanza kutokwa jasho. Hii ya mwisho naipenda, Mungu anisamehe, kwa sababu mara nyingi mafaili hayajaenda popote, yamefichwa tu. Amri moja ya attrib kwenye dirisha jeusi inayarudisha yote, na mteja anaondoka akiniona mganga.

Isiyo na uganga ni ya kijana mmoja wa shahada ya uzamili aliyeibiwa begi stendi ya Msamvu. Alikuja kesho yake: "Shikamoo mama. Kuna kazi yangu yoyote ilibaki kwako?" Nilikuwa na sura mbili alizokuja kuchapisha wiki iliyopita, basi. Laptopu ilikwenda na begi. Na flashi yake ya bakapu, yaani ya nakala za akiba, ambayo kwa haki ya Mungu alikuwa anaisasisha kila jioni, ilikuwa mfuko wa pembeni wa begi hilohilo.

Kijana yule hakuwa mzembe. Alifanya alichoambiwa afanye. Ndiyo maana habari yake ilinikaa, nikaanza kuitazama kompyuta yangu mwenyewe kwa jicho lingine: kazi za wateja, hesabu za duka, picha za familia tangu kamera ya kwanza ya digitali iingie nyumbani, skani za hati ya kiwanja na vyeti vya watoto, vyote juu ya diski moja tu ya ndani ya kompyuta. Nikatenga shilingi 200,000 kwa mwaka. Kitu chochote cha kuzidi hapo nisingekifuata hata kingekuwa kizuri namna gani, maana Januari ina karo, na karo haisikilizi habari za bakapu.

Nilianzia pale kila mtu anapoanzia, kuuliza bei. Eksteno, yaani diski ya nje ya kuchomeka, ya TB 1 (kama GB 1,000) bei gani, ya TB 2 bei gani, mtandaoni wanatoza kiasi gani. Baada ya kuzunguka nikaona swali lenyewe limekaa vibaya. Bei haina maana mpaka ujue unalinda kitu cha ukubwa gani, na hakuna muuzaji atakayekuuliza hilo, kwa kuwa jibu lako linaweza kumpunguzia biashara.

Kompyuta ilionyesha nimejaza karibu GB 400. Nikashusha WinDirStat, programu ya bure inayokuchorea diski yako kwa miraba ya rangi, kila faili na mraba wake kwa kadiri ya ukubwa wake. Inachukua dakika chache na inaaibisha. Karibu nusu ya picha ilikuwa filamu: tamthilia za Kituruki, za Kihindi za binti yangu, mechi za zamani ambazo baba yao huziangalia kana kwamba matokeo yatabadilika. Baada ya hapo zikaja programu za kusakinisha, matoleo mawili matatu ya kitu kilekile. Halafu picha zilezile zikijirudia, kwani kila simu ilipobadilishwa pale nyumbani, kila kitu kilimwagwa kwenye folda mpya. Kwa kutafuta hizo zilizojirudia nilitumia dupeGuru, nayo ya bure, ila nakushauri usiiachie ifute yenyewe. Iache ikuonyeshe, ufute wewe.

Nilipomaliza kupalilia, vitu ambavyo vikipotea sitavipata tena popote vilikuwa hivi: picha na video za familia, kama GB 48, na nyaraka, yaani skani, hesabu za duka, mikataba na kazi za wateja ambazo hazijachukuliwa, zisizofika GB 7. Jumla GB 55 kati ya 400. Filamu zitapatikana tena kwa jirani. Windows itasakinishwa upya, na fundi wa kuisakinisha hakosekani mtaani. Ile bajeti ambayo fundi mmoja aliicheka mbele yangu ikawa inatosha na chenji kubaki.

Kazi za wateja zina jambo lake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na mwenye steshenari anashika vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, barua za ajira na matokeo ya mitihani ya watu wengi kuliko anavyodhani. Nilibandika karatasi ukutani: kazi yako inakaa hapa miezi 3, kisha inafutwa, ukitaka ikae zaidi, sema. Baadhi walinung'unika. Lakini karatasi ile, iliyonigharimu wino tu, imeipunguza bakapu yangu kuliko programu yoyote, na imenipunguzia pia mambo ya kujibu siku kompyuta ikiibiwa.

Sasa kifaa. Mtoto wa mdogo wangu alikuwa ameshapata jibu kabla sijamaliza kuuliza. Aliingia dukani na kitu kidogo cha kung'aa, chepesi kama kiberiti, kimeandikwa SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani) TB 16, amekinunua barabarani kwa shilingi 35,000. Nikachomeka. Windows ikakubali kabisa: TB 16, nafasi tupu. "Si unaona, mama mkubwa?" Akahamishia filamu, zikaingia, majina yakaonekana.

Ujanja wa vifaa hivi unastahili kuelezwa taratibu, kwa sababu unanasa watu wenye akili zao. Ndani mara nyingi kuna memori ndogo tu, ya GB 32 au 64. Chipu inayoiongoza imepangwa iseme uongo: ikiulizwa ukubwa, inataja TB 2, TB 16, chochote alichotaka aliyeitengeneza. Ukiandika mafaili machache, yanakaa vizuri na yanafunguka, kwa hiyo ukijaribu dukani unaridhika. Ukivuka ukubwa wa kweli, kinachofuata ama kinaandikwa juu ya vya mwanzo ama kinatupwa hewani. Jina la faili linabaki kwenye orodha, na ukubwa wake, na tarehe. Ndani hamna kitu. Unaweza kukaa na "bakapu" ya namna hiyo mwaka mzima ukijisifu.

Dawa yake ni H2testw, programu ndogo ya bure iliyotokana na gazeti la kompyuta la Kijerumani, c't. Inajaza kifaa chote kwa mafaili yake, kisha inayasoma tena moja baada ya jingine kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichomo. Tuliiacha ikifanya kazi, na ilipofika muda wa kufunga duka ilikuwa ndiyo kwanza inahangaika, kwa jinsi kile kidude kilivyokuwa kinaandika polepole. Tuliikatiza, tukaiamuru ihakiki kilichokwisha kuandikwa. Kilichokuwa salama hakikufika GB 60. Mtoto alinyamaza kidogo, kisha akasema atamuuzia mtu mwingine. Nikakichukua mimi, nikakitia kwenye droo.

Kipimo hicho hakifanyiki kaunta. Diski halisi ya TB 1 inayoandika MB 100 kwa sekunde inahitaji karibu saa 3 kujazwa, na nyingine kama hizo kusomwa. Ukiichomeka kwenye tundu la USB 2.0 badala ya lile la 3.0, ambalo mara nyingi huwa na rangi ya buluu ndani, ni kazi ya usiku kucha na zaidi. Kwa hiyo kinachofanyika kaunta ni makubaliano: nina siku kadhaa za kuijaribu, ikishindwa narudisha, na hilo liandikwe kwenye risiti. Muuzaji akianza kukuambia "sisi tunafahamiana, dada, risiti ya nini," shukuru, ondoka.

Diski yangu ya kwanza sikuinunua. Ilitoka kwenye laptopu iliyokufa ubao wake. Watu wengi wana mzoga wa namna hiyo juu ya kabati, na ndani yake kuna hadi diski ya inchi 2.5 ambayo haina kosa lolote. Kasha lake la USB, lile la plastiki lenye waya mfupi, nililipata kwa shilingi 15,000. Fundi akaipachika bila kutumia hata bisibisi. Kabla ya kuiamini unafungua CrystalDiskInfo, ya bure pia, inayosoma kumbukumbu ambazo diski yenyewe imejiandikia. Buluu ni nzima, njano ni tahadhari, nyekundu iache. Zaidi ya rangi, angalia mistari miwili: idadi ya sehemu zilizohamishwa kwa kuharibika, na idadi ya zile zinazosubiri. Zote zikiwa sifuri, vizuri. Angalia pia saa ilizokwisha kufanya kazi. Ya kwanza niliyopima ilikuwa njano, nikaiacha. Ya pili, ya GB 500, ilikuwa buluu na saa kama 9,000, sawa na mwaka mmoja na kitu wa kuwaka bila kuzimwa, na kwa diski hiyo si uzee wa kutisha. Kipimo hiki hakitabiri kila kifo. Diski nyingine hufa ikiwa buluu. Lakini ukinunua diski ya mtumba bila kukifanya, unanunua kwa kubahatisha.

Ya pili niliinunua mpya Kariakoo, safari niliyokwenda Dar kwa SGR kufuata karatasi za duka. TB 1, ya kuzunguka, si SSD. Shilingi 165,000 baada ya kupatana. Niliulizwa sana kwa nini nisiongeze nichukue SSD. SSD ni tamu kwa kasi, na haiogopi kuanguka kama hii ambayo vichwa vyake vinaelea juu ya sahani kwa umbali usioonekana kwa macho. Ila kwa pesa ileile unapata nafasi ndogo zaidi, na kwa kitu kitakachochomekwa mara moja kwa wiki kasi si hoja. Tena SSD na flashi hutunza mafaili kwa chaji ya umeme inayopungua taratibu zikikaa muda mrefu bila kuchomekwa. Kwa mtu anayetaka kuweka kitu kabatini, hilo ni jambo la kufikiria. DVD nazo niliziwaza kwa dakika moja. Inashika GB 4.7, ningehitaji 12, na laptopu za siku hizi hazina pa kuitia.

Mteja akinunua TB 1 na kuichomeka kwangu, lazima apige kelele kwamba ameibiwa, kwa kuwa Windows inaandika GB 931. Hajaibiwa. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024, tofauti inajikusanya. Nimelieleza hili mara nyingi kiasi kwamba nalo nilifikiria kulibandika ukutani.

Cha muhimu zaidi ni fomati, yaani namna diski inavyopangwa kutunza mafaili. Flashi nyingi huja na FAT32, isiyokubali faili moja kuzidi GB 4. Video ya harusi ya mdogo wangu ilikataa kuingia kwenye flashi iliyokuwa na nafasi ya GB 20, na kila mtu akalaumu virusi. exFAT haina kikomo hicho na inasomeka kwenye Mac pia, lakini haina daftari la kuandika inachotaka kufanya kabla haijakifanya, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kunakili, au waya ukichomolewa na mtoto, uwezekano wa kuvurugika ni mkubwa kuliko NTFS, fomati ya Windows yenyewe. Kwangu kompyuta zote ni Windows, na umeme tunaujua. Nikafomati NTFS.

Mtandaoni je? Hapa ndipo nilipotumia kalamu. Google wanatoa GB 15 bure, OneDrive 5, Dropbox 2. GB 100 za Google kwa bei ya Marekani ni dola 1.99 kwa mwezi, kitu ambacho ningekiweza, ingawa lazima uwe na kadi ya benki au ile ya mtandaoni inayotokana na pesa za simu, na shilingi ikishuka wewe ndiye unayejazia. Kikwazo changu hakikuwa ada, kilikuwa kupandisha. Bando linatangazwa kwa kasi ya kushusha; kasi ya kupandisha haisemwi. Kwangu hupanda kwa megabiti 3 kwa sekunde siku ikiwa njema, na megabiti 3 si megabaiti 3, gawa kwa 8. Kwa kasi hiyo GB 400 zingechukua siku 12 mchana na usiku, bila umeme kukatika hata mara moja. GB 55 zingechukua saa 41 na kumaliza bando la kutosha. Nyaraka zangu za GB 7 hazifiki hata saa 6, na zinaingia kwenye nafasi ya bure.

Kwa hiyo hesabu ilijipanga yenyewe: nyaraka zinakwenda mtandaoni bure, picha na video zinakaa kwenye diski mbili, filamu hazina bakapu na baba watoto amearifiwa.

Ya bure ina masharti yake. Zile GB 15 zinashirikiwa na barua pepe na picha. Tangu Juni 1, 2021 picha mpya za Google Photos zinahesabiwa ndani yake, na tangu mwaka 2024 bakapu ya WhatsApp ya simu za Android nayo imeingizwa humo. Mteja anashangaa nafasi imejaa wakati hajaweka kitu. Ni video za kwenye magrupu. Ukiondoa video kwenye mpangilio wa bakapu ya WhatsApp, nafasi inarudi. Mimi nilifungua akaunti ya pembeni kwa ajili ya nyaraka peke yake. Sharti lake ni kuiingia mara kwa mara, maana akaunti isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa. Kabla ya kupanda, kila kitu kinapita programu ya Cryptomator, ambayo kwenye kompyuta ni bure na inafunga kila faili kwa nywila kivyake, hivyo nikibadilisha barua moja inapanda barua moja, si furushi zima. Hati ya kiwanja na vitambulisho vya watu sitaki viwe vinasomeka na yeyote atakayeokota nywila ya barua pepe yangu.

Wapo wanaoniambia diski ni mambo ya zamani, weka vyote kwenye wingu, yaani huko mtandaoni. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Siku zile intaneti ilikuwa ya kuibembeleza, kama ilikuwepo. Mteja aliyetaka barua yake ya maombi iliyokuwa kwenye wingu alikaa kwenye benchi langu anaangalia kiduara kinazunguka. Aliyekuja na flashi alichapisha akaenda zake. Sisemi wingu ni baya. Nasema siku ya shida huenda shida hiyo ndiyo imekata na njia ya kulifikia.

Kilichobadilisha kabisa namna ninavyotumia diski zangu ni msiba wa jirani yangu mwenye steshenari ya mtaa wa pili. Mtu alimletea programu ya kuhariri video iliyovunjwa leseni, akaisakinisha. Jioni kila faili lilikuwa limeongezewa herufi za ajabu mwishoni na halifunguki, na kila folda ina karatasi inayoitwa _readme.txt. Ni ile familia ya virusi vya STOP, au Djvu, inayosambaa hasa kupitia programu za kuvunjwa. Karatasi inadai dola 980, ukiwahi ndani ya saa 72 unapunguziwa nusu, dola 490. Kana kwamba ni mnada. Jirani hakuwa na hizo dola, na hata angekuwa nazo unamlipa nani, unamdai nani risiti? Kilichomuuma zaidi: alikuwa na eksteno. Aliinunua kwa ajili ya bakapu na akaiacha imechomekwa nyuma ya kompyuta tangu siku aliyoinunua, ili asisahau. Virusi vikaikuta, vikaifunga nayo.

Kwa hiyo diski yangu haikai imechomekwa. Inachomekwa, inafanya kazi, inachomolewa. Na ndiyo sababu sitegemei kitu kinacholinganisha tu pande mbili. Ukiwa na folda inayojifananisha na nyingine, ukifuta huku inafuta kule; faili likiharibika huku, lililoharibika linakwenda kule. Robocopy, amri ya kunakili ya Windows yenyewe, ukiipa /MIR, hufanya hivyo bila kukuuliza. Natumia FreeFileSync, programu ya kunakili mafaili, kwa mpangilio wa kusasisha, unaoongeza vipya na vilivyobadilika bila kufuta kitu upande wa diski, na nimeiambia toleo la zamani lihamishiwe folda ya pembeni badala ya kufunikwa. Google Drive nayo hutunza matoleo ya awali ya faili la kawaida kwa siku 30, na kapu lake la taka hujimwaga baada ya siku 30. Mwezi mmoja unatosha ukigundua tatizo mapema. Hesabu za duka zilizoharibika Februari na kugunduliwa Juni haziokolewi na mwezi mmoja.

Ratiba ni Ijumaa jioni, wateja wakipungua. Hakuna siri hapo.

Diski ya pili iko Kihonda, upande mwingine wa Morogoro, kwa mdogo wangu. Mpigapicha Mmarekani, Peter Krogh, ndiye aliyeieneza kanuni ya nakala tatu, juu ya aina mbili za vifaa, moja ikae mbali na nyumbani. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni ya watu wenye ofisi. Kumbe hiyo ya tatu haihitaji pesa, inahitaji ndugu. Kila nikienda Kihonda nabeba ya dukani na kurudi na iliyokuwa kule, kwa hiyo moto, mwizi au maji yakiingia kwangu, kilichoko kule hakijachelewa sana. Ninaifunga kwenye mfuko wa plastiki na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, maana mvua za chini ya Uluguru hazina mzaha na kutu ya pini za USB nimeiona. Ombi langu kwake lilikuwa moja: isikae juu ya friji wala karibu na televisheni watoto wanapochezea. Inakaa kwenye sanduku la kanga.

Nilijaribu pia kurudisha. Nilichukua laptopu ya kuazima isiyo na kitu changu, nikajipa kazi ya kufungua duka kwa kutumia diski peke yake. Barua zilifunguka. Picha zilifunguka. Hesabu za duka hazikuwemo, kwa sababu programu ninayotumia huweka faili lake kwenye folda yake yenyewe, si kwenye Documents, na FreeFileSync ilikuwa inafuata Documents. Fonti za kadi za harusi hazikuwemo, na kadi zikafunguka kwa maandishi mabaya yasiyoendana. Vialamisho vya kivinjari, ambamo kuna anwani zote za fomu za serikali ninazotumia kila siku, havikuwemo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ningekijua kwa kuitazama diski na kuona imejaa. Jioni moja ya kujaribu ilinipa orodha ya kuongeza, na tangu hapo narudia zoezi kila diski zinapobadilishana, japo kwa mafaili machache ya kuokoteza.

Limebaki la nywila. Cryptomator haina mtu wa kumpigia simu ukisahau. Inakupa mlolongo wa maneno ya akiba, ukiupoteza pamoja na nywila basi. Niliyachapisha, nikatia kwenye bahasha, bahasha ikaenda mahali pamoja na hati yenyewe ya kiwanja, si kwenye sanduku la kanga lenye diski. Mume wangu na mdogo wangu wanajua ilipo. Tulilizungumza kwa taabu kidogo, kwa kuwa mazungumzo ya "mimi nisipokuwepo" watu huyakwepa, lakini tumekaa na familia zilizofiwa hapo dukani zikitafuta namba ya kiwanja kwenye simu iliyofungwa, na sikutaka watoto wangu wapite hapo.

Matumizi yote: 15,000 na 165,000. Zile 20,000 zilizobaki nimeanza nazo mfuko wa kubadilisha diski ya mtumba, ambayo sitaingoja igeuke njano. Shemeji wa Kihonda, alipoona kwenye TB 1 kuna nafasi kubwa tupu, aliomba ahifadhie humo filamu zake. Nimempelekea ile SSD ya TB 16.